Bando la Kusoma

Baba yangu ana daftari la matumizi. Ni mwalimu mstaafu, na tabia ya kuandika kila shilingi hakuiacha siku alipokabidhi funguo za ofisi ya mwalimu mkuu. Chumvi, mafuta ya taa, mchango wa msiba, nauli ya kwenda Tanga mjini. Idd ya mwaka 2019 nilikuwa nyumbani Muheza, nimekaa barazani, nikalifungua daftari hilo kutafuta ukurasa mtupu niandike namba ya simu ya mtu. Nikakutana na mstari kwa mwandiko wake ulionyooka: "Bando la kusoma, 500." Nikafunua ukurasa wa nyuma. Upo tena. Nikarudi hadi Desemba. Nikahesabu mara sita.

Nilijua papo hapo alikuwa anataka kusoma nini, maana nilimjengea mimi. Nilichokuja kukijua dakika kumi baadaye ni kwamba hakuwahi kusoma hata neno moja.

Nianze nyuma kidogo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwa karibu miaka kumi, baba aliandika safu fupi ya lugha katika gazeti moja la wiki. Mambo ya ngeli, methali zinazotumiwa vibaya, maneno ya Kibondei na Kidigo yaliyojipenyeza kwenye Kiswahili cha kwetu. Malipo yalikuwa ya soda. Kila makala iliyotoka aliikata kwa mkasi na kuiweka kwenye jalada la kahawia juu ya kabati. Mchwa nao walikuwa wasomaji wazuri. Mwaka 2018 niliposhusha jalada lile, zilizopona zilikuwa 64.

Nikazipiga picha zote, nikarudi nazo Dar, na kwa miezi minne nikawa naziandika upya kwenye kompyuta, usiku, baada ya kazi. Mimi ni mwandishi wa habari, si mhandisi wa programu. Lakini nilikuwa nimesoma kozi moja ya habari za takwimu, nikajifunza JavaScript ya kutosha kuchora grafu, na kama mtu yeyote anayejua kitu nusu, nilikuwa na hamu ya kuonyesha nusu hiyo. Tovuti ya baba isingekuwa kurasa tupu za HTML kama za zamani. Vijana wa meza ya dijitali walikuwa wameshanicheka: "Bro, nani anaandika HTML kwa mkono siku hizi?" Basi nikachukua Vue, na nikachukua webpack.

Msomaji ambaye hayo hayakuhusu, nivumilie kidogo, maana bila hayo hadithi haisimami.

Brendan Eich aliiandika JavaScript mwaka 1995, kwa siku kumi hivi, ili kuzipa kurasa za wavuti uhai kidogo. Haikuwa na njia ya faili moja kuomba kitu kutoka faili nyingine. Ukiwa na faili tano, unaziorodhesha moja moja kwenye ukurasa, na ole wako ukikosea mpangilio. Miaka ikapita, watu wakaanza kujenga mambo makubwa kwa lugha ile ile, faili zikawa mamia. Njia rasmi ya faili kuagizana ilikuja kuingizwa kwenye lugha mwaka 2015. Kabla ya hapo, na hata baada ya hapo, ilihitajika programu ya kufungasha: inakusanya faili zote, inazifunga furushi moja, kivinjari kinapokea furushi. webpack, iliyoanzishwa na Tobias Koppers wa Ujerumani mwaka 2012, ndiyo iliyokuwa imetawala wakati ule.

Inavyofanya kazi ilinipendeza sana. Unaionyesha faili moja ya kuanzia. Inaisoma, inaangalia imeomba nini. Imeomba faili ya pili? Inakwenda kwenye ya pili. Ya pili imeomba kifurushi kilichoandikwa na mtu mwingine huko duniani? Inakwenda na huko. Ni kama mhariri wangu wa kwanza: "Nani kakwambia? Na yeye kaambiwa na nani?" Haichoki mpaka ifike mwisho wa uzi. Kisha inachukua vyote ilivyovikuta njiani na kuvifunga pamoja. Kiingereza kinaliita furushi hilo kwa neno lile lile lililotuzalia sisi "bando". Nimelifikiria sana hilo tangu siku ile ya daftari.

Vue, iliyotolewa na Evan You mwaka 2014, ni kiunzi cha kujengea tovuti ya ukurasa mmoja. Maana yake ni kwamba seva haikutumii ukurasa mpya kila unapobonyeza. Inakutumia ukurasa mmoja tu, karibu mtupu: una jina la tovuti, kisanduku kisicho na kitu ndani, na agizo la kwenda kuchukua furushi la JavaScript. Furushi likifika, ndilo linalochora kila kitu, na ukihama kutoka makala hadi makala hakuna kusubiri, kurasa zinateleza kama samaki majini.

Ukurasa karibu mtupu. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua jibu la mtihani.

Tovuti ilikamilika Desemba 2018. Ilikuwa nzuri, sioni haya kusema. Herufi za kupendeza, sanduku la kutafutia neno ambalo ukiandika "ngeli" kila "ngeli" inawaka rangi ya njano, tarehe za gazeti kwa Kiswahili sanifu. Nikaionyesha ofisini, kwenye laptopu zetu na intaneti yetu ya bure, wakapiga makofi. Mhariri wa dijitali aliniambia niiweke kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi. Nikaiweka. Halafu ndipo nikamtumia baba kiungo kwa simu.

Alinipigia kesho yake. "Nimeona, mwanangu. Jina langu liko juu kabisa. Mungu akubariki."

Nikatembea na sifa hiyo miezi sita.

Sasa turudi barazani. Nikamwuliza, huku nimeshika daftari, "Baba, hizi makala unazisomaga?" Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kumwangusha mgeni. Akatoa simu mfukoni, Android ya zamani aliyoachiwa na mdogo wangu, kioo kimepasuka pembeni. Akabonyeza kiungo. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa juu. Tukasubiri. Mama akaleta chai, tukasubiri. Mstari ukafika mwisho, na ukurasa ukawa mweupe. Mweupe kabisa, kama karatasi ambayo haijaguswa. Juu, pale kivinjari kinapoandika jina la tovuti, palikuwa na jina la baba kamili, pamoja na "Mwl." mbele yake.

Kumbe hakunidanganya. Jina lake aliliona kweli.

"Nikadhani bado mnaandaa," akasema. "Kila nikipata nafasi nanunua bando naangalia kama mmemaliza."

Sikumjibu. Niliinama kwenye chai yangu. Baba yangu hanunui soda bila sababu. Mara sita alikuwa ametoa shilingi mia tano kwenda kutazama ukurasa mweupe, na mara sita akakaa kimya asije akanionea, kwa sababu aliona nina shughuli nyingi.

Usiku ule sikulala. Nikafungua laptopu sebuleni, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu, na kwa mara ya kwanza nikalitazama furushi langu nikiwa mahali linapopokelewa, si pale linapotoka. Lilikuwa na uzito wa megabaiti 2.7. Makala zote 64 za baba, kila neno alilowahi kuliandika na likapona, hazikufika hata megabaiti nusu. Nyingine zote zilikuwa nini?

Kuna programu ndogo inayokuchorea ramani ya furushi: mistatili ya rangi, kila kitu na mstatili wake kulingana na uzito. Nikaichora. Moja ya mistatili mikubwa kabisa ilikuwa Moment, kifurushi cha kushughulikia tarehe. Nilikichagua kwa sababu kinajua Kiswahili. Nikitaka kiandike "Machi" badala ya "March", kinaandika. Ila kinajua na lugha nyingine zaidi ya mia moja, kila moja na faili yake ya miezi na siku. Moment huchagua faili ya lugha wakati programu imeshaanza kukimbia. webpack inapofungasha haiwezi kubashiri nitaomba lugha ipi, kwa hiyo kwa tahadhari inabeba zote. Nikapitia orodha. Kiwelshi. Kiaislandi. Kisha nikabaki nimeshika shavu: Kiklingoni, lugha ya kubuni ya watu wa sayari nyingine katika filamu za Star Trek. Mzee wangu wa Muheza alikuwa ananunua bando la mia tano ili ashushiwe majina ya miezi ya Kiklingoni.

Palikuwa na mengine. Kifurushi kizima cha Lodash nilikibeba kwa ajili ya kazi moja tu, kupanga makala kwa tarehe. Herufi zile za kupendeza nilizishindilia ndani ya furushi lenyewe. Makala zote 64 zilikuwa humo kwa pamoja, kwa hiyo anayetaka kusoma moja alilazimika kubeba na 63 nyingine. Nayo seva ya bei rahisi niliyokodi haikuwa inabana faili kabla ya kuzituma.

Lakini uzito peke yake usingeleta weupe. Furushi lilikuwa linafika, linakula bando lote, na bado hakuna kitu. Nikaandika mistari michache ya kawaida ndani ya ukurasa mtupu, nje ya furushi, ya kunionyesha kosa lolote juu ya kioo. Nikachukua simu ya baba pale chajini, nikafungua. Ikatokea: kosa la sarufi, alama isiyotarajiwa, ">".

Sarufi! Ningeweza kucheka kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine.

Jambo lenyewe ni hili. JavaScript nayo inabadilika kama lugha yoyote. Mwaka 2015 iliongezewa misemo mipya, mmojawapo ni ule mshale wa alama ya sawasawa na ">". Vivinjari vipya vinauelewa, kivinjari cha simu ya baba hakikuwahi kuusikia. Ipo programu ya kutafsiri misemo mipya kuwa ya zamani, inaitwa Babel. Nilikuwa nayo. Lakini kwa kawaida, ili kazi isichukue siku nzima, Babel hupangiwa kutafsiri msimbo wako tu na kuacha vifurushi vya watu wengine, ikiamini kuwa wenyewe wameshatafsiri kabla ya kuvitoa. Kifurushi kimoja hakikuwa kimetafsiriwa. Ni kile cha kuwasha maneno rangi ya njano kwenye sanduku la kutafutia, sanduku ambalo hakuna aliyeniomba.

Na kwa kuwa vyote vimefungwa faili moja, kivinjari kikikuta sarufi kisiyoielewa mahali popote kwenye faili hiyo, kinaikataa yote. Hakisomi sehemu nzuri na kuruka mbaya. Samaki mmoja akioza wote wameoza. Nimeiandika methali hiyo katika habari za ufisadi sijui mara ngapi. Ile ndiyo mara ya kwanza kuiona ikitokea mbele ya macho yangu, kwenye kazi yangu.

Asubuhi, baada ya swala, baba alinikuta bado nimekaa pale. Akavuta kigoda. "Kwani huwa inakuwaje?" akauliza. Nikamweleza, na kwa kuwa Muheza kila mtu anajua machungwa, nikamweleza kwa machungwa. Nikamwambia kuna programu, unaionyesha chungwa moja, nayo inakwenda shambani kuchuma kila kilichoungana na chungwa lile, inajaza tenga, inalifunga kamba, inakutumia.

"Inajua anayebeba tenga ni nani?" akauliza.

"Haijui, baba."

"Anajua nani?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa kama alivyokuwa akifanya darasani mtu akipatia jibu, akaenda kufungulia kuku.

Siku ile na iliyofuata nilifanya kazi ambayo ilinipasa kuifanya Desemba. Sikuitupa webpack. Haikuwa na kosa. Ilifungasha nilichoiambia ifungashe. Niliondoa Moment na mahali pake nikaandika orodha ya maneno kumi na mawili, Januari hadi Desemba. Dakika moja. Nikaondoa Lodash, nikapanga makala kwa uwezo ambao JavaScript yenyewe inao. Nikaondoa sanduku la kutafutia. Herufi nikaacha za simu ya mtu mwenyewe. Kisha nikaigawa kazi: webpack inaweza kutoa mafurushi mengi madogo badala ya moja kubwa, kila makala na lake, na msomaji akapokea lile tu alilolifungua. Koppers aliianzisha webpack kwa sababu hasa ya uwezo huo wa kugawanya. Mimi nilikuwa nimetumia chombo mwaka mzima bila kugusa kazi iliyokizaa.

Mwisho nikafanya jambo dogo kuliko yote na la maana kuliko yote. Nikapanga maandishi ya kila makala yawe yameshaandikwa ndani ya ukurasa wenyewe tangu wakati wa kufungasha, si kusubiri kuchorwa. JavaScript ikifika, vizuri, kurasa zitateleza. Isipofika, au ikifika ikakataliwa, maneno ya mzee yapo.

Furushi la kwanza likashuka hadi kilobaiti 140. Kila makala, kilobaiti tano hivi.

Niliporudi Dar nilianza kusoma zaidi juu ya hivi vyombo, na nikakuta kitu kilichonifariji na kunisuta kwa pamoja. Programu nyingine maarufu ya kufungasha, Rollup, iliandikwa na Rich Harris mwaka 2015. Wakati ule alikuwa akifanya kazi katika chumba cha habari cha The Guardian; baadaye akaenda The New York Times. Mtu wa gazeti, kama sisi, anayetengeneza grafu huku muda wa kuchapa unamkimbiza. Rollup ndiyo iliyoeneza kati ya watu wa JavaScript ule utaratibu unaoitwa kutikisa mti: programu inaangalia msimbo wote, inaona sehemu ambazo hakuna anayeziita, inaziacha zidondoke kama majani makavu. webpack nayo ikajifunza. Lakini mti unatikisika kama vifurushi vimeandikwa kwa ule utaratibu rasmi wa mwaka 2015. Vile vya mtindo wa zamani, kama Lodash niliyokuwa nayo, vinabaki vimeganda, majani makavu na yote.

Sikushangaa kwamba mwandishi wa habari ndiye aliyelivalia njuga jambo hilo. Kazi yetu nusu yake ni kupunguza. Baba alinifundisha hivyo nikiwa darasa la tano, na insha yangu mbele yake, kalamu nyekundu mkononi: ondoa neno, halafu sikiliza sentensi, isipolalamika, neno lile halikuwa na kazi. Nimeishi kwa kanuni hiyo miaka yote. Sijawahi kuanza habari kwa "kama inavyofahamika". Halafu nikakaa kujenga nyumba ya makala zake, na sikukata kitu, kwa sababu moyoni sikuwa namjengea yeye. Niliwajengea wenzangu wa ofisini wenye laptopu. Yeye nilimwekea jina juu.

Nimewasikia watu wakisema tatizo ni vyombo hivi, tungebaki na HTML tu. Huenda, kwa tovuti kama ile. Vyombo vyenyewe navyo vinabadilika. Evan You mwenyewe alitoa Vite mwaka 2020, na watu wengi wa Vue wamehamia huko. Ila najua ningeweza kufanya kosa lile lile kwa Vite, ningeweza kulifanya hata kwa picha moja nzito ndani ya HTML tupu. Simu ya baba ilikuwepo Desemba. Nauli ya Muheza ilikuwepo. Sikuitafuta simu hiyo niijaribu, basi.

Wiki mbili baada ya Idd, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu yangu ikaita. Baba hapigi saa hizo ila kuna msiba. Nikaipokea nimekaa kitandani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ile makala ya vyombo vya jikoni, aya ya tatu. Umeandika 'visu hizi'."

"Ee?"

"'Visu hizi'. Mimi nimeandika 'visu hizi'? Kwenye makala ya ngeli?"

Nikamwomba radhi. Nikafungua laptopu palepale, nikatafuta aya ya tatu, nikafuta herufi mbili, nikaweka mbili. Nikafungasha upya, nikapandisha. Nikamwambia aufungue tena ukurasa.

"Na huko kufungua tena kunakula bando?"

"Kidogo sana, baba. Ni makala hiyo moja tu."

"Haya," akasema. "Ngoja nivae miwani."